Sisimizi wa Safu ya Saba

Habari za kifo cha Muthoni zilinifikia kwa simu asubuhi, nikiwa jikoni nachambua managu. Nilimsikiliza mpwa wake mpaka mwisho, nikamshukuru, nikarudi kuchambua, na mboga zilipokwisha ndipo nilipokaa chini. Siku ya ibada nilichagua viti vya nyuma. Kanisa lilijaa wasomi. Waliosimama kumsifu walikuwa wakuu wa idara, wanafunzi wake wa zamani ambao sasa nao wana mvi, na mgeni mmoja aliyesoma barua ndefu kutoka chuo cha ng'ambo. Wote waliianza hadithi yake huko huko ng'ambo, kana kwamba alizaliwa akiwa tayari daktari wa elimu ya wadudu, amevaa koti jeupe. Hakuna aliyetaja Makongeni. Binti mmoja wa ukoo wake aliyeketi kando yangu aliniona nikitabasamu peke yangu, akaninong'oneza kwa heshima anayopewa bibi, "Cucu, mlijuana wapi na yeye?" Nikamwambia, "Nilimhesabia sisimizi." Akacheka kwa kuziba mdomo, akidhani namtania. Nilitaka kumweleza, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba, na hata isingeanza, nisingejua pa kushikia. Kuna jambo lililotokea kati yangu na Muthoni ambalo nimelinyamazia maisha yangu yote. Yeye hakumwambia mtu, na kwa kuwa sasa ameondoka, naona si haki ukarimu wake uzikwe pamoja naye.

Ulikuwa mwaka uliofuata kumaliza kwangu kidato cha nne, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Rasoa, Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa Reli: chumba kimoja cha mawe kilichogawanywa kwa pazia la maua, kitanda cha wakubwa upande mmoja, na upande wa pili meza, makochi mawili yenye vitambaa vya kushona kwa mkono, na godoro langu lililosimamishwa ukutani mchana kutwa. King'ora cha karakana ndicho kilichotupangia siku. Shangazi alikuwa ameshaamua kwamba nitasomea kupiga taipu, kwa sababu alimjua msichana mmoja wa kwetu aliyepiga taipu akaolewa na karani. Nafasi chuoni haikuwa imepatikana, basi nilikuwa nachota maji, nasonga ugali, nangoja. Muthoni alihamia chumba cha jirani mwezi wa kwanza. Kaka yake, karani wa Reli, alikuwa amehamishiwa Nakuru akamwachia nyumba. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akisomea shahada ya pili chuo kikuu, mrefu, nywele amezikata fupi kama mvulana, na alivaa suruali, jambo ambalo kwenye foleni ya bomba la maji lilijadiliwa wiki nzima.

Nilimwendea mara ya kwanza kumwomba chumvi. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya meza yake hapakuwa na kitambaa wala maua ya plastiki. Palikuwa na chupa za jemu kama kumi na tano, kila moja imesimama katikati ya sahani ya maji yenye utando wa mafuta. "Usiguse sahani," akasema kabla hata ya kunisalimia. "Hayo maji ndiyo ukuta wao." Nikainama. Ndani ya chupa walikuwa wakipita sisimizi. Nikamwuliza, "Dada, kwani hawa si wale wa kwenye sukari?" Akasema, "Hawa sukari yako hawaitaki. Hawa wana mti wao, na nje ya mti huo hawaishi." Akanipa tawi lenye miiba mirefu myeupe. Kwenye shina la kila jozi ya miiba palikuwa na uvimbe mweusi, duara, mkubwa kama ndimu, umetobolewa vitundu. Niliupeleka sikioni nikautikisa, na kabla sijajua kinachotokea walikuwa wameshanipanda shingoni. Nilipiga kelele hadi Shangazi akatoka nje. Muthoni alikuwa anacheka huku akinipangusa. "Hiyo ndiyo kazi yao," akasema. "Twiga akija kula majani, wanamwingia puani. Mti unawapa nyumba na utamu, wao wanaulinda." Kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Umemaliza form four, sivyo? Unaweza kuhesabu bila kuchoka?" Nikasema naweza. "Kila mtu husema anaweza," akajibu, akanipa chumvi.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Tulipanda basi mpaka mwisho wa lami upande wa Embakasi, halafu tukatembea karibu saa nzima kuingia mbugani. Siku hizi huko ni magorofa matupu, lakini wakati ule ukivuka tu nyumba za mwisho ulikuta udongo mweusi na nyasi, na migunga mifupi isiyomfika mtu kichwani, maelfu kwa maelfu. Upepo ulipopita kwenye vitundu vya zile vimbe, mbuga nzima ilipiga mluzi mwembamba. Muthoni alikuwa amechagua miti mia na arobaini, safu saba za miti ishirini, kila mti umefungwa kibati chenye namba. Kila mwezi ilitupasa kuufikia kila mti, kuugonga kwa kijiti, kutazama ni sisimizi gani wanaotoka, kuhesabu vimbe, kuangalia machipukizi, na kuandika. Aina zilikuwa tatu, na sisi tulizipa majina yetu. Kulikuwa na Wekundu, waliokuwa wengi na wakali. Kulikuwa na Vichwa-vyeusi, wenye kiuno chekundu na kichwa cha makaa. Na kulikuwa na Wembamba, weusi, warefu, waoga, ambao karibu kila vita walishindwa. Maana walipigana. Mti mmoja haukukaliwa na aina mbili. Asubuhi nyingine tulikuta chini ya mgunga zulia la maiti, na tulipougonga, walitoka wenyeji wapya.

Kilichokuwa kikimsumbua Muthoni ni hao Wembamba. Tuliketi juu ya magunia kula mkate na chai ya chupa, naye akaniuliza maswali kana kwamba mimi ndiye profesa. "Hawa wanashindwa kila siku. Kwa nini bado wapo?" Nikasema labda Mungu anawahurumia. Hakunicheka. Alinionyesha jani la mti wa Wembamba, mahali ambapo kwa kawaida jani hutoa tone la utamu. Palikuwa pametafunwa, pamekauka. "Wanauharibu utamu wenyewe," akasema. "Wao wanaweza kuishi bila huo. Wenye nguvu hawawezi. Sasa mwenye nguvu akipita hapa, anaona nyumba isiyo na chakula. Ataivamia ya nini?" Nikauliza nani aliwafundisha. "Hakuna. Wasioharibu walinyang'anywa miti, hawakuacha watoto. Walioharibu walibaki. Rudia hivyo miaka mingi kuliko uwezavyo kuhesabu." Nilikuwa nimefundishwa mambo hayo shuleni, nikayakariri nikafaulu mtihani, lakini ni siku ile, nikiwa na mkate mdomoni, ndipo yaliponiingia. Mnyonge naye alikuwa na njia yake ya kudumu duniani. Nimewafundisha watoto wa watu somo hilo kwa miaka thelathini na sikumbuki hata mara moja nilipolifundisha vizuri kama alivyolifundisha yeye kwa jani moja.

Nyumbani hawakuelewa. Kuta za Makongeni zilikuwa za mawe lakini madirisha yalikuwa wazi, na nilisikia mengi nikiwa nyuma ya pazia. Mama Njeri, jirani wa mkono wa kushoto, alimwambia Shangazi, "Mama, huyo msichana wako ataharibika. Yule Muthoni, mtu mzima na akili zake, anafuga wadudu ndani ya nyumba! Kwetu mtu kama huyo angeitiwa wazee." Shangazi akajibu kwa sauti ya uchovu, "Anahesabu sisimizi, Mama Njeri. Mtoto niliyemsomesha mpaka form four. Nikiandikia watu wa nyumbani nitawaambia nini?" Lakini Muthoni alijua kuishi na watu. Jumamosi alipika githeri sufuria nzima akagawa. Mjukuu wa Mama Njeri alipoumwa na siafu waliotoka kwenye mtaro, ni yeye aliyekwenda kuwabandua mmoja mmoja kwenye miguu ya mtoto huku akimsimulia kwamba hao wote ni dada, mama yao ni mmoja na hana macho. Kufikia Pasaka Mama Njeri alikuwa akimpelekea makopo matupu ya kufugia wadudu wake. Na vijana waliokaa kwenye ukuta wa kona walituita "masista wa siafu", wakatusalimia, "Niaje masista, wanajeshi wako poa?" Muthoni akawajibu, "Wanauliza mtajiunga lini."

Kuanzia mwezi wa tatu alianza kusimamia masomo ya maabara chuoni, siku tatu kwa wiki, na akaniachia safu ya tano, ya sita na ya saba niwe nazihesabu peke yangu. Sijawahi kujivunia kitu kama vile nilivyojivunia kile kibao cha kuandikia chenye kamba shingoni. Niliandika kwa mwandiko safi kama wa vyeti vya kanisani. Siku moja, mwishoni mwa mwezi wa nne, profesa wake alimtembelea, mzee mpole mwenye miwani minene, akazipitia karatasi mezani palipokuwa na chupa. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika birika. Muthoni akasema, "Huyu Kageha hajawahi kuniachia nafasi tupu. Hata moja." Profesa akanitikisia kichwa. Nililala na maneno hayo kama mtu aliyelazwa na blanketi jipya. Sikujua kwamba ndiyo yangenitia shimoni.

Mvua za mwezi wa tano zilikuwa nyingi. Ule udongo mweusi ukilowa unashika mguu kama mtu mwenye kinyongo, na kila hatua unabeba gambuti mbili kwa uzito wa nne. Safu ya tano na ya sita nilizimaliza, ingawa ilinichukua siku mbili. Kwenye safu ya sita miti miwili ilikuwa imetekwa kweli, Wembamba wameuawa, Vichwa-vyeusi wameingia, na niliandika hivyo mikono ikitetemeka kwa baridi. Safu ya saba ilikuwa ng'ambo ya korongo dogo. Siku zote nililivuka kwa kuruka. Siku hiyo nilikuta maji ya rangi ya chai yakienda kasi, na nilipojaribu kwa kijiti, kijiti kikazama chote. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Niliiona miti yangu upande wa pili, vibati vikimetameta. Nikarudi nyumbani. Ningeandika tu kwamba sikufika. Karatasi ilikuwa na nafasi ya maelezo, na Muthoni asingenilaumu. Lakini niliyasikia tena yale maneno, kwamba sijawahi kuacha nafasi tupu, na nikaona aibu ya mistari ishirini mieupe kuliko nilivyoona aibu ya uongo.

Nilikaa mezani kwa Shangazi, nimekula viazi vitamu na chai, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, nikaandika. Nilianza kwa kunakili ya mwezi wa nne. Baada ya miti mitano nikaona inafanana mno, mtu yeyote angejua imenakiliwa. Basi nikabadilisha mmoja: Wembamba wametoka, Vichwa-vyeusi wameingia, maiti wengi chini. Ukweli ni kwamba mkono ulinoga. Nilikuwa nimejifunza vizuri, nilijua maiti hulalaje, najua mti uliotekwa hupoteza machipukizi gani, na nilitumia ujuzi wote alionipa kumdanganya yeye mwenyewe aliyenipa. Nilipomaliza, miti minane kati ya ishirini ilikuwa imebadilisha wenyeji. Shangazi alipita nyuma yangu akasema, "Unaandika kama mtu anayeandika barua ya posa." Nikafunika karatasi.

Mwezi wa sita maji yalipungua, nikavuka. Na kwenye ile miti minane niliwakuta Wembamba, wametulia, kama walivyokuwa tangu mwaka uanze. Bila shaka. Hawakuwa wamekwenda popote. Hapo nilikuwa na njia mbili, kuendeleza uongo au kuandika nilichokiona. Nikajidanganya kwamba nikiandika ukweli sasa, ule uongo utajifuta wenyewe. Niliandika Wembamba, miti yote minane. Sikufikiria karatasi hizo mbili zikiwekwa pamoja zitasema nini.

Muthoni aliziweka pamoja siku ya Alhamisi. Nilimsikia akiniita kupitia ukutani, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nikakimbia nikidhani chupa imevunjika. Alikuwa amesimama, karatasi moja mkono huu, nyingine mkono huu. "Wamerudi," akasema. "Kageha, Wembamba wamerudi! Wamenyang'anywa miti minane mvua ikinyesha, na mwezi mmoja baadaye wameichukua tena yote. Unajua hakuna mtu amewahi kuona hivyo? Wanyonge wanaoshinda?" Alinikumbatia. Nilikuwa nanuka moshi wa jiko la makaa, nakumbuka hilo, nikakaa kama gogo mikononi mwake. Keshoye alikwenda mwenyewe safu ya saba, akawakuta Wembamba, akarudi na furaha maradufu. Alianza kuandika. Jinsi maji yanavyoweza kuwalazimisha wenye nguvu kuhama, jinsi mnyonge anavyojua kungoja. Ilikuwa nadharia nzuri sana. Hata leo nikiifikiria naipenda. Profesa akampangia aieleze mbele ya wageni waliokuwa wakija mwezi wa saba, watu waliokuwa na nafasi moja ya masomo ng'ambo, na kila mtu alijua nafasi hiyo ni ya nani.

Jumamosi moja kabla ya wageni kuja alipika chapati na kuku, akawaalika Shangazi na Mama Njeri. Tulijibana katika kile chumba, chupa zimesogezwa juu ya kabati. Muthoni akamwambia Shangazi, "Mama, nikienda ng'ambo ujue ni macho ya mtoto wako yaliyonipeleka. Mimi sikuwepo. Yeye ndiye aliyeona." Shangazi, ambaye kwa miezi sita alikuwa akiniombea nafasi ya taipu, aliweka chapati chini, akanitazama kama mtu anayetambulishwa kwangu, halafu akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Kumbe ilikuwa kazi," akasema. "Mwanangu, kumbe ilikuwa kazi." Nilisema nakwenda kunawa, nikasimama kwenye bomba maji yakinimwagikia mikononi mpaka mtoto mmoja aliyekuja na ndoo akaniuliza kama nimemaliza.

Nilimwambia Jumapili, baada ya kanisa. Alikuwa anapiga pasi blauzi ambayo angeivaa siku ya wageni. Sikuketi. Nilisema, "Dada Muthoni, safu ya saba, mwezi wa tano, sikufika. Maji yalikuwa mengi. Niliandika mwenyewe." Alisimamisha pasi ya makaa kwenye kisahani chake polepole. "Miti mingapi?" "Yote ishirini." "Na ya mwezi wa sita?" "Ya kweli." "Na ya mwezi wa nne?" "Ya kweli." Akaniuliza, bila hasira, kama anayemwuliza mtu njia, "Nitajuaje?" Nikaanza kulia. Hapo ndipo hasira ilipomjia. "Usinililie, Kageha. Ukilia nitakuhurumia, na sasa hivi sitaki kukuhurumia." Alichukua sweta lake akatoka. Nilimwona dirishani akipita mbele ya vijana wa kona bila kuwajibu, akielekea njia ya reli. Niliketi sakafuni katika chumba chake, na sisimizi kwenye chupa waliendelea na shughuli zao. Nilijua nimefukuzwa, na nikajaribu kupanga nitamwambiaje Shangazi.

Alirudi mchana, viatu vimejaa vumbi. Akatoa karatasi zote, tangu mwezi wa kwanza, akaziweka mezani katika marundo, akanipa penseli nyekundu. "Kaa," akasema. "Nikikufukuza leo, nitabaki na rundo la karatasi na sitajua ipi ni ipi. Wewe peke yako ndiye unayejua. Tutapita moja moja. Ulichokiona kwa macho yako, kiache. Usichokiona, kizungushie." Tulikaa mpaka jua likahama dirishani. Nilizungushia ile mistari ishirini. Halafu nikazungushia mingine ambayo sikuwa nimekusudia kuisema: mti mmoja wa safu ya tano ambao vimbe zake nilizikisia kwa sababu nyuki walinifukuza, na mingine miwili ya safu ya sita niliyoandika jioni nyumbani kwa kukumbuka. Kila nilipozungushia, aliuliza tu, "Kwa nini?", akaandika pembeni. Hakunipa pole, wala hakunitukana. Mara moja, tulipomaliza mwezi wa tatu bila alama hata moja, alisema kwa sauti ya chini, "Huu mwezi ulifanya vizuri." Sijui kama alijua neno hilo lilivyonishika nisizame.

Jumatatu alikwenda kwa profesa. Alimwambia kwamba takwimu za safu ya saba haziaminiki na ameziondoa, na kwamba hana jambo la kuwaeleza wageni. Profesa aliuliza kosa lilikuwa la nani. Jibu lake nilikuja kulijua kutoka kwa profesa mwenyewe, miezi baadaye, aliponiambia kwa mshangao kidogo, "Alisema ni lake, kwa kuwa karatasi ni zake." Nafasi ya ng'ambo ilikwenda kwa mwanafunzi mwingine. Muthoni alitakiwa kungoja mvua za vuli ahesabu upya. Aliitundika ile blauzi nyuma ya mlango. Kwa wiki kadhaa tulifanya kazi kama watu wawili wanaobeba kioo kikubwa, kwa uangalifu, tukisema tu yale ya lazima. Shangazi alijua kuna jambo lakini hakuliuliza. Usiku mmoja alisema tu, gizani ng'ambo ya pazia, "Mtu akikuweka baada ya kukujua, mshikilie."

Mwezi wa tisa niliona kitu. Kwenye safu ya sita kulikuwa na mti wa Vichwa-vyeusi uliokuwa umenyolewa upande mmoja, kama mtu aliyetoka kwa kinyozi kabla hajamaliza. Upande mwingine ulichipua vizuri. Upande ulionyolewa ulielekea mgunga wa jirani, matawi karibu kugusana, na jirani huyo alikuwa wa Wekundu. Nilikwenda kwenye mti mwingine wa Vichwa-vyeusi. Vivyo hivyo, upande wa adui umekatwa machipukizi yote, upande usio na adui umeachwa. Nilielewa mara moja, nikasisimka mwili mzima. Tawi linalogusa tawi ni daraja, na vita huvuka darajani. Vichwa-vyeusi, wanyonge mbele ya Wekundu, walikuwa wanakata madaraja. Halafu furaha ikaniishia, kwa sababu nilikumbuka neno langu sasa lina uzito gani. Nilirudi nyumbani nikalibeba jambo hilo siku mbili bila kulisema. Siku ya tatu nikamwambia Muthoni, "Kuna kitu nadhani nimekiona, lakini usiniamini. Nenda ukaone."

Alikwenda. Hakunichukua. Alikaa mbugani siku tatu mfululizo, akapita kila mti wa Vichwa-vyeusi katika safu zote saba, na mimi nilibaki nyumbani kulisha chupa. Iliniuma, na nilijua ni haki iniume. Siku ya tatu aliingia kwetu bila kubisha hodi, uso umeungua na jua, akakaa kwenye kochi la Shangazi na suruali yake ya matope. Shangazi alikuwa anamenya vitunguu. Muthoni akasema, "Ni kweli." Akarudia, "Ni kweli, Kageha. Karibu miti yote. Nimepima mpaka mkono unauma." Shangazi akauliza ni nini kilicho kweli, naye akachukua matawi mawili ya sukuma wiki pale mezani akamweleza jinsi sisimizi anavyokata tawi la mti wake mwenyewe ili jirani asivuke. Shangazi alisikiliza, kisu mkononi. "Kumbe hata wao wanaweka ua," akasema. Tukacheka wote watatu, kicheko kikubwa kuliko maneno yenyewe, na Muthoni akala kwetu jioni ile kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba.

Mvua za vuli zilipokuja, korongo likajaa tena. Muthoni alikuwa chuoni. Nilifika ukingoni, nikapima kwa kijiti, nikarudi, na kwenye karatasi ya safu ya saba nikaandika neno moja kwenye nafasi ya maelezo: "Maji." Mistari ishirini nikaiacha mitupu. Nilimpa karatasi jioni nikiwa nimesimama. Aliitazama kwa muda, mistari yote, kana kwamba imeandikwa. "Sawa," akasema. Jumamosi tulikwenda wote wawili na kamba ya kuanikia nguo, tukaifunga kwenye mgunga, tukavuka maji yakiwa kiunoni, Muthoni amekiweka kibao juu ya kichwa kama mwanamke anayetoka mtoni. Tuliigonga miti yote ishirini. Mmoja tu ndio uliokuwa umetekwa. Hapakuwa na muujiza wowote wa wanyonge kurudi. Wembamba walikuwa wamekaa tu kwenye miti yao isiyo na utamu, hakuna aliyewataka. Muthoni aliketi kwenye matope akacheka mpaka akaomba nimvute mkono ainuke.

Aliondoka kwenda ng'ambo mwaka uliofuata, kwa nafasi nyingine, akiwa na ile habari ya matawi yaliyokatwa. Mimi sikusomea taipu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenisindikiza kuchukua fomu za chuo cha ualimu, na njiani alimwambia kila tuliyekutana naye kwamba nakwenda kusomea wadudu, nami nikaacha kumsahihisha. Tuliandikiana na Muthoni miaka mingi, barua za kawaida za salamu, watoto na wadudu. Ule mwezi wa tano hatukuutaja tena, hata alipokuja kunitembelea shuleni nikiwa tayari mwalimu mkuu msaidizi na tukakaa mchana mzima.

Lakini tasnifu aliyoiacha chuo kikuu kabla ya kuondoka niliisoma. Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu. Niliomba ruhusa nikaenda maktaba ya chuo kikuu, na mtu wa dirishani akaniletea kitabu chenye jalada gumu la buluu. Sikuitafuta sura ya matokeo. Niliitafuta sura inayoeleza kazi ilivyofanywa, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua mahali hapo ndipo mtu analazimika kusema ukweli wote. Nilipita kwa kidole, safu ya kwanza, ya pili, mpaka nikafika. Ilikuwa sentensi moja: miti ya safu ya saba haimo katika hesabu ya mwezi wa tano, kwa kuwa haikutembelewa. Basi. Niliisoma mara nyingi nikitafuta ukali ndani yake, sikuuona, na nikitafuta uongo ndani yake, nao sikuuona. Nikamrudishia mtu wa dirishani kitabu chake. Akaniuliza kama nimepata nilichokuwa nakitaka, nikamwambia nimepata, nikaenda kituoni kungoja basi kwa sababu nilikuwa na somo la saa nane.